Dakika ya Sekunde Arobaini

Usiku ule wa kuamkia siku ya kutia sahihi, Mzee Eliasafi alikuja. Alikuwa na miezi mitano kaburini. Jeneza lake nililibeba mimi na wenzangu wa kazini, nikiwa upande wa kushoto, karibu na kichwa, na watu waliniona nikilia.

Kabla sijasema alivyokuja, niseme kwanza nilichomfanyia.

Kazi yangu ni kuandika draiva za kompyuta. Karakana yetu iko Iringa, kwenye jengo lililokuwa ghala la mahindi, na tunatengeneza kifaa kidogo cha zahanati. Mhudumu anaweka maikrofoni kwenye kifua cha mtoto mchanga, kifaa kinasikiliza kwa dakika moja na kuhesabu pumzi. Zikizidi kipimo, taa nyekundu inawaka, ndiyo kusema mapafu yameshambuliwa, mtoto akimbizwe hospitali. Ndani yake kuna kompyuta ndogo inayoendeshwa na programu mama iitwayo Linux. Mimi niliandika draiva ya sauti, ile sehemu inayokaa ndani ya kiini cha Linux na kuzungumza na chipu ya maikrofoni.

Chipu ya sauti hupima sauti mara maelfu kila sekunde. Draiva ndiyo inayokiambia kiini mipaka yake: chipu hii haishuki chini ya hapa, haipandi juu ya pale. Kiini hakina njia ya kwenda kuhakikisha. Kinaamini ulichokiandikia. Karatasi ya maelezo ya chipu ilisema mpaka wa chini ni vipimo elfu nane kwa sekunde, nami nikaandika elfu nane. Lakini bodi yetu ilikuwa na kristali tofauti, kile kidude kinachoipa chipu mapigo yake, na kwa kristali ile chipu haikuweza kushuka chini ya elfu kumi na mbili. Hilo lilielezwa ukurasa wa nyuma, kwa maandishi madogo. Sikufika huko.

Basi programu ya kuhesabu ikaomba elfu nane, kiini kikakubali kwa neno langu, na chipu ikaendelea na elfu kumi na mbili zake kimya kimya. Vipimo vya kutosha dakika moja vilipotimia, programu ikafunga hesabu. Kwa kweli zilikuwa zimepita sekunde arobaini. Mtoto aliyepumua mara sitini akaandikwa arobaini, na taa ikawaka kijani.

Mzee Eliasafi ndiye aliyekuwa akijaribu vifaa kabla havijatoka. Alikuwa fundi redio tangu ujana wake, hakupita chuo chochote, na alikuwa na tabia ya kufumba macho akisikiliza kitu. Siku moja, kwenye kikao cha asubuhi, watu wote tukiwa tumeketi, alinyoosha mkono.

"Mhandisi, kuna jambo. Sauti inayorekodiwa inarudi nzito. Mtoto wangu wa mwisho alilia ndani ya nyumba mwaka mzima, nakijua kilio cha mtoto. Hiki kimeshuka."

"Kimeshuka kwa kipimo gani?" nikamuuliza.

"Kwa sikio. Halafu nimeshika saa yangu hii. Dakika ya mashine inaisha mapema kuliko ya saa."

Niliitazama ile saa, ya mkanda wa plastiki uliofungwa kwa uzi. Nikawageukia wenzangu. "Tunaweza kuandika kwenye ripoti kwamba Linux imeshindwa na saa ya mnadani?"

Walicheka. Kijana wa kuunganisha waya alicheka mpaka akainamia meza. Nikaona nimefanikiwa, nikaongeza: "Mzee, kazi ya redio imekula masikio yako. Nenda hospitali wakuangalie, usije ukasikia na mengine."

Hata yeye alitabasamu kidogo, kama mtu anayewapisha watu wapite. Jioni nilimpelekea fomu ya majaribio atie sahihi. Akaishika muda mrefu. Nikamwambia gari linasubiri, na kama hajui kinachojaribiwa aseme tu tutafute anayejua. Akatia sahihi.

Wiki ya tatu baada ya vifaa kutoka, mama mmoja alimpeleka mtoto wake wa kike, wa miezi mitatu, kwenye zahanati moja ya milimani. Kifaa kikahesabu, taa ikawa ya kijani, mama akaambiwa ni mafua, arudi nyumbani amfunike vizuri. Mtoto alifia mgongoni mwake njiani.

Kamati iliundwa. Jioni ya kuamkia kikao chake nilifunga mlango wa karakana, nikawasha kifaa, nikashika saa ya simu. Sekunde arobaini. Nikarudia. Arobaini. Nikafungua faili langu nikauona ule mstari wenye elfu nane, na pembeni yake jina langu, maana kila mstari unaoingia kwenye msimbo wetu, yale maandishi ya programu, huandikwa jina la aliyeuweka. Nikakaa nao kama robo saa. Kisha nikazima taa nikaenda nyumbani, nikala, nikalala.

Kesho yake kamati iliuliza nani alikijaribu. Nikatoa fomu. Wakauliza imekuwaje asione kasoro. Nikasema, naye ameketi mbele yangu, "Mzee ana umri. Tulishamshauri aangalie masikio."

Wakamgeukia. "Ni kweli, mzee?"

Alinitazama. Nilidhani atalisema lile la kwenye kikao, la saa na la sauti nzito, na nilikuwa nimeshaandaa jibu. Badala yake akajishika sikio, akasema, "Labda."

Aliachishwa kazi wiki hiyo. Mimi nikaingiza kirekebisho kwenye programu ya kuhesabu, isubiri vipimo zaidi kabla ya kufunga, nikakiita uboreshaji, hesabu zikakaa sawa. Draiva nikaiacha na uongo wake, kwa sababu kuugusa mstari ule kungemfanya mtu aulize ulikuwa na kosa gani na tangu lini. Mzee Eliasafi alikaa nyumbani kwake, akaacha hata kuwatengenezea majirani redio. Siku moja akaanguka uani, presha, akafa kabla ya jioni. Msibani mke wake, Mama Tulizo, aliniambia, "Amekufa akisema masikio yake yameua mtoto wa watu." Nilimpa pole. Nikaenda kupanga mstari wa chakula, nikala wali wa msiba, nikaomba nyama ya pili.

Sasa vifaa vipya vilikuwa tayari, shehena kubwa ya kwenda mikoa mingine. Programu ya kuhesabu ilikuwa imeandikwa upya na watu wa nje wasiojua kirekebisho changu. Wangeitegemea draiva, na dakika ingerudi kuwa sekunde arobaini. Nilijua. Nilitakiwa kutia sahihi ya kuiruhusu shehena asubuhi, na nilikuwa nimeshachagua kalamu.

Ndipo akaja.

Nilikuwa karakana, mchana, mwanga unaingia kwa madirisha ya juu kama kawaida, na harufu ya risasi ya kuunganishia waya. Nilikuwa peke yangu. Kisha sikuwa peke yangu. Mzee Eliasafi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha majaribio, kanipa mgongo, amevaa suti ya kijivu tuliyomzikia. Suti hiyo ilikuwa imepasuliwa kwa mkasi toka ukosini hadi chini, kama wanavyofanya mochwari ili imwingie maiti, na katikati ya mpasuo niliuona mgongo wake, umejaa udongo mwekundu.

Nikamwamkia. "Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Akageuka taratibu, na nikaona puani na masikioni ana pamba. Akanyoosha kidole kwenye sikio la kulia.

"Nitolee," akasema.

Nikashika pamba kwa vidole viwili nikavuta. Ikaja. Nikavuta tena, ikaja nyingine, nyevu, yenye udongo, na haikatiki. Navuta. Inajaa mkononi, inajaa mezani, inadondoka kwenye miguu yangu, na yeye ametulia tu kama mtu anayenyolewa. Nataka kuacha na mikono haiachi. Pamba ya mwisho inapotoka, ndani ya sikio kuna sauti. Mtoto analia, lakini kilio ni kizito, kirefu, kinajivuta kama ng'ombe anayeugua mbali. Nakijua. Ni rekodi ya kifaa chetu.

"Hivi ndivyo nilivyosikia," anasema Mzee Eliasafi. "Wewe unasikiaje?"

Sijajibu, na meza ya karakana ni kitanda cha zahanati. Ukuta umepakwa rangi ya bluu hadi nusu. Kuna benchi refu, na wanawake wameketi juu yake, kila mmoja na mtoto mapajani, wamenitazama wote. Hakuna anayemtazama mzee. Yule wa kwanza anasimama, ananipa mtoto wake, na mzee ananishika mkono, wake ni wa baridi, anauweka wangu juu ya kifua cha yule mtoto.

"Hesabu."

Mtoto ni wa moto. Mbavu zake zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, ngozi inazama katikati kama kitambaa kinachonyonywa. Nahesabu. Kumi. Ishirini. Naona kifaa chetu pembeni, namba zake zinapanda na zangu. Thelathini. Arobaini. Kifaa kinalia, taa inawaka kijani, na ninashukuru, ndugu zangu, ninashukuru kwa moyo wote, nainua mkono niondoke.

Mzee anaukandamiza mkono wangu kifuani pale pale.

"Dakika haijaisha."

Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Mama amepiga magoti, ananitazama mdomo. Hamsini. Midomo ya mtoto ina rangi ya zambarau. Hamsini na tano. Nasema imetosha, mzee, nimeona, na sauti yangu haitoki. Hamsini na tisa. Sitini. Kisha mkono wangu unangoja ya sitini na moja, na haiji. Unangoja. Chini ya kiganja changu ule moto unaanza kupoa, kidogo kidogo, kuanzia pembeni.

Mama anamchukua mtoto wake. Anamfunika uso kwa pindo la kitenge, anamfunga mgongoni vizuri, anakaza fundo, anatoka. Hajanilaumu kwa neno.

"Mwingine," anasema mzee.

Anasimama wa pili, ananipa wake. Nahesabu. Arobaini, taa ya kijani, mkono wa mzee unanikandamiza, sitini, kisha baridi. Wa tatu. Wa nne. Natazama benchi ili nijue wamebaki wangapi, na benchi limetoka mlangoni. Limeshuka ngazi za zahanati, linafuata barabara ya vumbi, linapinda kwenye kona, na wote wameketi, wametulia, wanasubiri zamu.

"Hawa ni wa nani?" nikamuuliza. Hapo sauti ilitoka.

"Wa kesho," anasema. "Umeshachagua kalamu."

Nikataka kukimbia, na mlango niliofungua ulikuwa wa chumba cha kamati. Wajumbe wake watatu wameketi nyuma ya meza ndefu. Mzee Eliasafi ameketi mbele yangu, mahali pake pa siku ile, suti imemkaa vizuri kwa mbele kana kwamba haina mpasuo. Safari hii kamati haiulizi. Anauliza yeye.

"Nilisikia sawasawa, au sikusikia?"

Ni swali jepesi. Jibu ninalo tangu jioni ile ya sekunde arobaini. Nafungua mdomo niseme ulisikia, mzee, na maneno yanatoka mazito, yanajivuta, yameshuka, sauti ya mnyama, kila silabi inachukua muda wa sentensi. Nalazimisha. Mzee anainama, ananiletea sikio karibu kabisa, amefumba macho vile vile alivyozoea. Anasikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Sikusikii," anasema.

Najaribu tena, na anatikisa kichwa. Anaokota pamba sakafuni, ile yenye udongo, anaanza kuirudisha sikioni mwenyewe, kwa kidole, bila haraka. Nashika mkono wake nimzuie. Ananitazama kama unavyomtazama mtu aliyekugusa sokoni kwa bahati mbaya.

"Mimi nimeshakufa nikiamini ulivyosema," anasema. "Hilo huwezi kulirekebisha. Kamwambie mke wangu. Yeye bado anasikia."

"Unisamehe, mzee." Hilo lilitoka wazi kabisa, kwa sauti yangu mwenyewe.

"Sikuja kwa hilo," akasema, akasukuma kipande cha mwisho, akanigeuzia mgongo wake wenye udongo.

Niliamka nimekaa kitandani, mkono wa kulia umelala kifuani pangu, nahesabu. Nilikuwa nimefika thelathini na kitu. Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka na jirani alikuwa akifagia uwanja.

Niliwasha kompyuta kabla ya kunawa uso. Mstari ulikuwa pale pale. Nilifuta elfu nane, nikaandika elfu kumi na mbili. Kazi ya kufumba na kufumbua. Kilichonichukua muda ni maelezo, maana kila rekebisho huambatana na maelezo ya kwa nini. Niliandika kwamba mpaka wa chini wa vipimo haukuwa wa kweli kwenye bodi hii. Niliandika kwamba dakika ya kifaa ilikuwa sekunde arobaini. Niliandika kwamba kosa liliripotiwa na Mzee Eliasafi kikaoni, kwa sikio na kwa saa ya mkononi, kabla kifaa chochote hakijatoka, na kwamba mwandishi wa draiva alilijua kabla ya kamati kukaa. Nikaweka jina langu chini, nikatuma kwa kila mtu wa karakana, na kwa wale walioandika programu mpya.

Mkurugenzi wetu, Dokta Felista, aliniita saa mbili. Alikuwa ameyasoma maelezo yangu akiwa amesimama.

"Hapa umeandika kabla ya kamati," akasema. "Hujakosea kuandika?"

"Sijakosea."

"Ulimtazama yule mzee usoni ukijua."

"Ndiyo."

Alikaa. Hakunigombeza. Alipiga simu shehena isimamishwe, akapiga nyingine kwa mwenyekiti wa ile kamati, mimi nikiwa nimesimama pale nasikia. Alipomaliza akaonekana kushangaa kwamba bado nipo. "Acha funguo mezani," akasema. "Kamati watakutafuta. Usisafiri."

Toka hapo nilikwenda kwa Mama Tulizo. Alikuwa uani anapukuchua mahindi, ungo miguuni. Akanikaribisha vizuri, akaniita mwanangu, akataka kuniinukia anitafutie kiti. Nikamwambia nitasema nikiwa nimesimama. Nikasema yote, kuanzia kwenye saa ya mkanda wa uzi hadi wali wa msiba. Ndoto sikuisema. Niliona ningeisema angenihurumia.

Mikono yake haikuacha kupukuchua hadi nilipofika mwisho.

"Kwa hiyo alisikia," akasema.

"Alisikia sawasawa, mama. Yeye peke yake."

Punje zilikuwa zimejaa kiganjani mwake na hakuzimwaga. "Mwezi wa mwisho alikataa kuwashika wajukuu," akasema. "Nilimletea mtoto wa Tulizo, amezaliwa siku hiyo hiyo. Akasema mpelekeni mbali, mimi sisikii watoto. Nilimkasirikia. Nililala chumba kingine nikimkasirikia." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. "Hayo maneno ya masikio, uliyasema mkiwa wangapi?"

"Mara ya kwanza kikaoni, tulikuwa kama kumi na mbili. Mara ya pili mbele ya kamati."

"Na walicheka."

"Kikaoni walicheka."

"Basi usiniambie mimi peke yangu kama siri ya nyumbani. Rudi Jumapili baada ya ibada. Wanawe watakuwepo, na hao waliocheka nitawaita kwa majina, najua wanakoishi. Yule mama wa milimani nitamfuata mwenyewe." Akamwaga punje kwenye ungo. "Sasa ondoka, mwanangu. Sitaki kukuona ukila kitu hapa."

Jumapili nilirudi. Viti vilikuwa vimepangwa uani kwa duara, vimejaa, na kimoja kiliwekwa katikati. Niliwaona wenzangu wa karakana wakitazama viatu vyao. Hakuna aliyeitikia salamu yangu. Niliketi, nikaanza kusema, na mwanamke mmoja nisiyemjua, aliyekaa mbele kabisa na kitenge kitupu mapajani, akanikatiza.

"Anza tena," akasema. "Kwa sauti. Na uanze na jina lako."